Kadi za Waigizaji Nyuma ya Soko Kuu la Mtwara

Duka ninalolieleza hapa halina kibao, na mtu anayelitafuta kwa mara ya kwanza hulipita bila kulitambua. Liko Mtwara mjini, nyuma ya Soko Kuu, kati ya fundi redio na mama anayeuza ming'oko ya kuchemsha, na mlango wake wa mbao ulipakwa rangi ya bluu ambayo jua la pwani limekwisha kuigeuza kijivu. Ndani mna makabati matatu ya diski, meza moja, deki mbili, televisheni ya kizamani yenye mgongo, na sanduku la mbao lenye kadi. Kazi ya duka ni kukodisha filamu za zamani. Haliuzi, wala haliingizi filamu kwenye flashi, na kwa sababu hiyo nimewaona vijana wengi wakiingia, wakiuliza swali moja, na kutoka bila kuaga.

Nimekuwa mteja kwa wiki sita. Nimekodi diski 11, nikarudishiwa amana yangu kamili mara 10, na habari ya ile mara moja nitaifikia. Niseme mapema kwamba diski zenyewe si ajabu, kwani nyingi zinapatikana kwingine kwa bei nafuu zaidi na katika hali nzuri zaidi. Kinachomfanya mtu atoke Mikindani kwa daladala na kuja hapa ni lile sanduku la kadi.

Mwenye duka ni mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye sinema za gari, zile zilizokuwa zikizunguka vijijini na kuonyeshwa usiku uwanjani, watoto wakiwa wamekaa chini mbele na wakubwa wamesimama nyuma. Anasema kwamba katika miaka hiyo watu walikuwa wakimuuliza swali lile lile kila kijiji: huyu steringi ni nani hasa, na ametoka wapi? Hakuwa na jibu. Alipofungua duka lake, hakupanga filamu kama zinavyopangwa kwingine, picha za Kihindi huku, za ngumi kule na za kivita pale, bali alizipanga kwa waigizaji, na chini ya kila mwigizaji akazifuatanisha kwa miaka, kuanzia ya kwanza aliyoweza kuipata hadi ya mwisho. Kisha akamwandikia kila mwigizaji kadi ya manila kwa mkono: jina alilopewa na wazazi, mahali alipozaliwa, kazi alizofanya kabla ya kuigiza, filamu na miaka yake, na namna maisha yalivyomwishia. Ukikodi diski unapewa na kadi ndani ya mfuko wa nailoni, na vyote viwili hurudishwa pamoja.

Nilianza na Sidney Poitier, ambaye kadi yake imejaa pande zote mbili na kumalizikia pembeni kwa herufi ndogo. Nilikuwa nimemwona zamani katika filamu moja tu, ile ambayo anakuwa mwalimu wa vijana watundu wa London, na nilikuwa nikidhani kwamba alizaliwa na ile sauti yake iliyonyooka kama ya msomaji wa taarifa ya habari. Kumbe sivyo. Poitier alikuwa mtoto wa wakulima wa nyanya wa Cat Island katika visiwa vya Bahamas, na alizaliwa Miami mwezi Februari 1927, kabla ya siku zake kutimia, wazazi wake walipokuwa wamesafiri kwenda kuuza nyanya zao. Alikulia visiwani, akapelekwa kwa kaka yake Miami akiwa na umri wa miaka 15, na mwaka uliofuata akafika New York, ambako aliosha vyombo mikahawani. Alipojaribu kujiunga na kikundi cha maigizo cha watu weusi huko Harlem, alikataliwa kwa kuwa hakuweza kusoma vizuri na lafudhi yake ya kisiwani ilikuwa nzito. Alinunua redio, akawa anawasikiliza watangazaji na kuwafuatiza neno kwa neno mpaka lafudhi ikamtoka, na mhudumu mmoja mzee wa Kiyahudi, katika mkahawa alimokuwa akiosha vyombo, akawa anamfundisha kusoma gazeti kila usiku baada ya kazi.

Mtu akishayasoma hayo, hasikilizi tena filamu zile kwa sikio lile lile. Nilizikodi nne kwa mfululizo, kwa mpangilio wa kabati. Iko ya mwaka 1951 iliyopigwa Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi, ambapo yeye na mwenzake Canada Lee iliwabidi waingizwe nchini kwa karatasi za vibarua wa mwongozaji wao, kwa sababu mtu mweusi hakuruhusiwa kuingia kama mwigizaji. Iko ya 1958 ambamo amefungwa mnyororo mmoja na mfungwa mzungu. Iko ya 1963, iliyompatia tuzo ya Oscar ya Mwigizaji Bora wa Kiume mwezi Aprili 1964, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Halafu ziko za mwaka 1967, mwaka ambao zilitoka filamu zake tatu kubwa kwa mpigo. Duka lina mbili kati ya hizo, ile ya London ikiwa mojawapo, na hiyo nilikwisha kuiona. Kati ya filamu ya kwanza na ya mwisho nilisikia sauti ikizidi kutulia, na hasira ikizidi kushuka chini ya maneno badala ya kuyapanda. Kadi inaendelea mpaka uzeeni: aliiwakilisha Bahamas kama balozi nchini Japani kuanzia 1997 hadi 2007, akafariki Januari 2022 akiwa na miaka 94. Bila kadi ile ningekuwa nimetazama filamu nne nzuri, basi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mwenye duka kuhusu jambo ambalo kila mteja mpya atakutana nalo. Filamu nyingi zipo katika namna mbili, yaani diski yenye sauti yake ya asili na diski iliyotafsiriwa, ambayo sauti ya mfasiri wa Dar es Salaam inasikika juu ya sauti za waigizaji, akieleza, akitania, na wakati mwingine akiwapa wahusika majina ya Kiswahili na tabia za uswahilini. Mimi sina ugomvi na sanaa hiyo. Nimekua nayo katika mabanda ya video, na wako watu wenye Kiingereza cha kutosha kabisa ambao bado huchagua diski iliyotafsiriwa kwa sababu ya mfasiri, si kwa sababu ya steringi. Lakini mzee huwapa wateja diski iliyotafsiriwa bila kuwauliza, na kwa Poitier hilo ni kosa. Mtu aliyeishi miaka yake ya ujana akiitengeneza sauti yake kwa redio, ukimfunika kwa sauti ya mwingine, umeondoa nusu ya kazi yake. Ombeni diski ya asili. Maandishi ya Kiingereza yanapita chini kwa wanaoyahitaji, na kadi ya Kiswahili mkononi inasaidia zaidi kuliko mnavyoweza kufikiri.

Kwa waigizaji wengine hoja hiyo haina uzito. Bruce Lee katika filamu zake za Hong Kong za mwaka 1971 na 1972 hakuwa na sauti yake mwenyewe kwa sehemu kubwa, kwa kuwa desturi ya studio za huko ilikuwa kupiga picha bila sauti na kuwaachia watu wengine kazi ya kuzungumza baadaye. Bud Spencer, yule bonge la mtu mwenye ndevu aliyekuwa akiwapiga watu makofi ya kichwani, hata Waitalia wenzake walimsikia kwa sauti ya mwigizaji mwingine, Glauco Onorato. Kwa hiyo mfasiri wa Dar es Salaam anapoingia hapo, anakuwa mgeni wa tatu katika nyumba ambayo mwenyewe hayupo. Diski iliyotafsiriwa ya Bud Spencer na Terence Hill ndiyo niliyocheka kwayo kuliko zote, na sioni haya kusema hivyo.

Kadi ya Bud Spencer inastahili kusomwa hata na asiyekodi filamu. Jina lake ni Carlo Pedersoli, mzaliwa wa Napoli wa mwaka 1929, na kabla ya ngumi za kuigiza alikuwa muogeleaji, Mwitalia wa kwanza kuogelea mita 100 kwa mtindo huru chini ya dakika moja, aliyeshiriki Olimpiki za 1952 na 1956. Jina la usanii alilitoa kwenye bia ya Budweiser aliyokuwa akiipenda na kwa mwigizaji Spencer Tracy aliyemhusudu. Mwenzake Terence Hill ni Mario Girotti wa Venice. Pamoja na kuyaandika yote hayo kwa mkono wake, mzee bado amewaweka wote wawili kwenye kabati la Wamarekani. Nilipomuuliza, alijibu kwamba wateja huwatafuta huko.

Habari ya mwigizaji iliyonikaa kichwani kwa siku nyingi ni ya Nǃxau, yule Msani wa Kalahari ambaye katika filamu ya mwaka 1980 anaiokota chupa ya soda iliyodondoshwa kutoka kwenye ndege na kuondoka nayo ili akaitupe ukingoni mwa dunia. Hakuna picha iliyochekwa zaidi katika mabanda ya video ya utoto wangu. Kadi yake ni fupi, kwa kuwa hata umri wake haukujulikana kwa uhakika, lakini kila mstari una uzito. Alikuwa mkulima na mfugaji wa Namibia, hakuwa mtu wa kuzurura na upinde kama filamu ilivyoonyesha. Malipo ya filamu ya kwanza, iliyozunguka dunia nzima na kuingiza fedha nyingi, yalikuwa madogo mno, na ilipofika filamu ya pili, iliyotoka mwaka 1989, alidai na kupata malipo makubwa zaidi, akajenga nyumba ya matofali yenye maji na umeme. Alialikwa pia kuigiza Hong Kong. Alifariki mwaka 2003. Sasa fikirieni diski iliyotafsiriwa ya filamu hiyo. Ndani ya filamu yenyewe mna msimulizi wa Kiingereza anayejifanya kueleza mawazo ya Nǃxau, na juu yake ameongezwa msimulizi wa Kiswahili, huku yeye mwenyewe akizungumza lugha yake yenye sauti za kugonga ulimi, ambayo hakuna hata mmoja wa wasimulizi hao anayeifasiri kwa kweli. Mtu anayechekwa amefunikwa mara mbili. Niliitazama tena na mjomba wangu, tukacheka pale pale tulipocheka zamani, kisha mjomba akaisoma kadi kimya na kuniuliza ni shilingi ngapi hasa walimpa.

Kadi si zote zinaaminika. Ya Bruce Lee iliandika kwamba alizaliwa Hong Kong, na nikalazimika kumweleza mzee kwamba alizaliwa San Francisco, Novemba 1940, baba yake alipokuwa Marekani na kundi la opera ya Kikantoni, kisha akarudishwa Hong Kong angali mchanga na kuanza kuigiza utotoni. Mzee hakubisha. Alichukua kalamu ya risasi, akafuta, akaandika upya, akaniomba nimtajie na mchezo wa televisheni aliouigiza Marekani mwaka 1966 na 1967 kama dereva na msaidizi wa shujaa, kabla hajapewa nafasi ya kuwa steringi mwenyewe. Uaminifu wa aina hiyo mimi nauhesabu kuwa sehemu ya huduma. Kwa upande mwingine, filamu aliyoiacha bila kuimaliza, iliyotolewa mwaka 1978, miaka mitano baada ya kifo chake, imewekwa kabatini pamoja na nyingine bila onyo lolote, ingawa yeye mwenyewe anapigana ndani yake kwa dakika 11 hivi tu, na sehemu kubwa iliyobaki ni watu waliovishwa miwani ili wafanane naye. Mteja anayelipa ili kumwona Bruce Lee angestahili kuambiwa.

Onyo lingine lingemwokoa mzee mwenyewe na ugomvi. Katika diski ya Amitabh Bachchan ya mwaka 1983, ile ambayo anakuwa mpagazi wa stesheni ya reli, mnapofika kwenye pambano fulani picha inasimama ghafla na maandishi yanatokea. Nilimkuta mteja mmoja akiirudisha diski hiyo kwa hasira, akidai kwamba imekwaruzika na inaganda. Haikuwa imekwaruzika. Pambano lile ndilo lililomjeruhi Bachchan tumboni mwezi Julai 1982 huko Bangalore, hata akalazwa akiwa mahututi na India nzima ikawa inamwombea, na watengenezaji wa filamu waliisimamisha picha pale makusudi ili watazamaji waione dakika yenyewe. Hata mwisho wa hadithi ulibadilishwa: mhusika wake, ambaye awali alikuwa afe, akaachwa aishi. Yote hayo yamo katika kadi, lakini mteja yule hakuwa ameisoma. Kadi ya Bachchan ni nzuri kuliko zote kwa uandishi. Mzee anaanza na ukoo wa mshairi alimozaliwa mwaka 1942, anapita kwenye zile filamu za mwanzo zilizoanguka moja baada ya nyingine, anafika mwaka 1973 alipopata nafasi ya polisi mwenye hasira na kugeuka kuwa kijana anayesema kwa niaba ya waliodhulumiwa, na anaeleza ni kwa nini mwaka 1975 pekee ulimtosha mtu kuwa na jina la maisha yote. Siasa aliyoingia 1984 na kuiacha 1987 imepewa mstari mmoja, na mimi nadhani ulitosha.

Kasoro kubwa ya duka, ambayo siwezi kuifumbia macho, ni wanawake. Sanduku lina kadi zinazokaribia 60, na za wanawake nilizihesabu nne. Filamu ya Kihindi ya mwaka 1957 kuhusu mama anayelima na kulea watoto wake peke yake, filamu ambayo mama zetu katika pwani hii waliililia na ambayo bado huombwa, haina kadi ya Nargis aliyeibeba mabegani mwanzo hadi mwisho. Imewekwa chini ya jina la Sunil Dutt, aliyeigiza kama mmoja wa wanawe! Nargis alianza kuigiza akiwa mtoto wa miaka sita, na moto ulipozuka wakati wa kupiga picha za filamu hiyo Dutt alimwokoa, wakaoana mwaka 1958. Alifariki Mei 1981, siku chache kabla ya filamu ya kwanza ya mwanawe kuonyeshwa. Maisha hayo yanajaza kadi tatu. Nilimweleza mzee, naye akajibu kwamba wateja huuliza steringi, na steringi kwao ni mwanamume. Mjukuu wake, anayesoma sekondari na kumsaidia jioni, alisikia na kusema, "Babu, mimi nitaiandika." Sijaiona bado.

Upande wa waigizaji wetu, kabati ni dogo lakini limetunzwa. Filamu za Kitanzania zilizomo ni diski halali zenye stempu ya mapato, na mzee hukataa kabisa kupokea nakala za mitaani. Afrika Mashariki jirani inawakilishwa na Benson Wanjau, Mzee Ojwang wa televisheni ya Kenya, Mkikuyu aliyeigiza kwa lafudhi ya Kijaluo kwa ustadi uliowafanya wengi wasijue asili yake mpaka alipofariki mwaka 2015. King Majuto ana kadi yenye jina lake la Amri Athumani, Tanga 1948, na tarehe ya kifo, 8 Agosti 2018. Steven Kanumba anayo pia, kuanzia Shinyanga alikozaliwa Januari 1984, kupitia kundi la Kaole na michezo ya ITV iliyokuwa ikiwakusanya majirani mbele ya televisheni moja, hadi zile filamu alizowashirikisha Wanaijeria na usiku wa Aprili 2012 alipofariki akiwa na miaka 28. Lakini linganisheni. Poitier ana pande mbili zilizojaa na herufi za pembeni, ilhali Majuto, aliyechekesha watu jukwaani tangu utotoni na kuzunguka nchi nzima kabla ya kamera kumfikia, ana mistari saba. Mzee Small, yaani Said Ngamba, mtu wa Kilwa, katika mkoa wa jirani wa Lindi, ambaye kila kijana wa miaka ya 1990 anaweza kuigiza tembea yake, ana mistari minne, na mmoja wao ni mwaka wa kifo, 2014.

Sikuliweka hilo kwenye hesabu ya makosa ya duka. Mzee alinionyesha alikopata habari za Poitier, katika kitabu kikuukuu kilichoachwa na padri mmoja, na za Bachchan, katika magazeti ya filamu ya Kihindi ambayo wafanyabiashara wa zamani waliyauza kwa kilo. Za Mzee Small hakuwa na pa kuzichota. Kila alichokiandika alikisikia kwa watu, na kwa kuwa watu walitofautiana, aliandika tu yale waliyokubaliana. Nilimwona mteja mmoja, mama wa makamo kutoka Lindi mjini, akisimama mezani na kueleza namna alivyomwona Mzee Small jukwaani kwa macho yake, na mzee akimsikiliza bila kuandika. Nilipouliza kwa nini, alisema anangoja mtu wa pili aliyekuwepo siku hiyo.

Sasa bei na taratibu. Kukodi diski moja kwa usiku mbili ni shilingi 1,000, pamoja na amana ya shilingi 5,000 ambayo hurudishwa. Faini ya kuchelewa ni shilingi 500 kwa siku. Mimi nilichelewa siku sita kwa sababu ya msiba wa Newala, na niliporudi nikaeleza, mzee alinipa pole ya dhati, akaniuliza habari za wafiwa, akanikaribisha kahawa, kisha akakata shilingi 3,000 zake zote. "Pole sana, mwanangu," alisema, "lakini diski haijui msiba." Nilikasirika siku ile. Leo naona kwamba duka lenye diski moja moja haliwezi kuendeshwa vinginevyo, ingawa bado ningependa kuwe na nafasi ya huruma, japo ya siku mbili.

Chumba cha nyuma chenye mabenchi manne huonyesha filamu kila Alhamisi saa mbili usiku kwa shilingi 500, na mzee huisoma kadi kwa sauti kabla ya kuwasha deki. Ni sehemu ninayoipenda kuliko zote, lakini nisiwadanganye: kuna joto, feni ni moja, na usiku mmoja kati ya mitatu niliyohudhuria umeme ulikatika katikati ya filamu na haukurudi. Tulirudishiwa fedha zetu bila kuomba. Baadhi ya diski zina mikwaruzo ya kweli, hasa za Kihindi zilizopita mikono mingi, kwa hiyo iombeni ijaribiwe mezani kabla ya kuondoka, mzee hakatai. Duka hufunguliwa baada ya sala ya adhuhuri, hufungwa Ijumaa, na katika msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, hujaa watu wenye fedha mkononi kiasi kwamba filamu nzuri hazikai kabatini hata siku moja.

Hilo ndilo lililonipata kwa filamu niliyokuwa nikiitaka kuliko zote, ile yenye jina la Kiswahili, *Hatari!*, iliyopigwa hapa hapa Tanganyika katika mbuga zilizo chini ya Mlima Meru na kutolewa mwaka 1962, steringi akiwa John Wayne. Kadi ya Wayne nimeisoma, Marion Morrison wa Iowa, mtu aliyeigiza askari maisha yake yote na ambaye hakuwahi kuvaa sare ya jeshi katika Vita Kuu ya Pili. Nimeisoma na ya Hardy Krüger, mwenzake katika filamu hiyo, Mjerumani aliyetiwa jeshini kwa nguvu akiwa na miaka 16 na ambaye, baada ya kupiga picha hizo, alinunua shamba Momella na kuishi huko kwa miaka mingi. Mzee amezibana kadi hizo mbili pamoja kwa kibanio cha nguo, kwa kuwa zinashirikiana diski moja. Diski yenyewe iko kwa mtu wa Masasi, ambaye faini yake, kwa hesabu ya daftari, imekwisha kuizidi amana. Nimeandikisha jina langu. Niko wa tatu kwenye foleni.